Bustani ya Shule katika Kiangazi cha Mkiwa

Watu wengi hupima klabu ya mazingira ya shule kwa hesabu ya miche iliyopandwa. Mgeni akifika huonyeshwa kitabu, na katika kitabu hicho huwa imeandikwa kwamba siku fulani ilipandwa miche mia tatu, na mwaka uliofuata mia tano; mgeni hufurahi, hutia sahihi, hupigwa picha kando ya kibao cha klabu, kisha huenda zake. Kipimo hicho ni chepesi mno. Kinafanana na kuhesabu watoto waliozaliwa kijijini bila kuuliza ni wangapi waliotimiza mwaka. Katika nchi kavu kipimo cha haki ni kwenda katika bustani ile ile mwezi wa Oktoba, wakati mvua iliyopita imekwisha kusahauliwa na mvua ijayo haijaonekana, na kutazama ni kipi kilicho hai na ni nani aliyekiweka hai.

Mkiwa ni mahali panapofaa kwa kulifikiri jambo hili. Ni njia panda katika wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida, wilaya iliyozaliwa 2012 kwa kugawanywa ile ya Singida Vijijini. Barabara kuu itokayo Singida kwenda Manyoni na Dodoma hupita hapo, na tawi lake moja huondoka kuelekea Itigi, Rungwa, na hatimaye Chunya na Mbeya. Upande wa Itigi ndiko kuliko kile kichaka kinene ambacho wataalamu wa mimea duniani wanakijua kwa jina la mji huo; miti yake ni mifupi, imesongamana hata mtu hapenyi, nayo hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kuyarudisha mvua inyeshapo. Katika Kiswahili neno mkiwa ni jina la mtu aliyeachwa peke yake, asiye na wa kumtunza. Yamkini jina la kijiji halina asili katika neno hilo, maana majina ya mahali hayalazimiki kufuata kamusi; walakini mtu aonaye mche mmoja uliosimama katikati ya uwanja wa shule mwezi wa Septemba, majani yake yamekunjamana na boma lake la miiba limeanguka, hawezi kulizuia neno hilo lisimjie akilini.

Mvua ya Mkiwa, kama ya Singida yote, huja mara moja kwa mwaka. Huanza Novemba au Desemba na hukoma Aprili, au mapema Mei ikiwa mwaka ni mwema. Jumla yake kwa kawaida ni kati ya milimita 500 na 800. Kiasi hicho si kidogo kama watu wanavyodhani, kwani jiji la London, lililopata sifa duniani kwa mvua, hupata takriban milimita 600 kwa mwaka. Tofauti ni kwamba mvua ya London hugawanyika katika miezi yote kumi na miwili, na ya Mkiwa hushuka katika miezi mitano, tena kwa vishindo, siku mbili za gharika na majuma mawili ya jua. Maji mengi huteremka juu ya ardhi ngumu na kupotea mabondeni kabla udongo haujayanywa. Kazi ya klabu ya mazingira katika nchi hiyo, ikiondolewa nyimbo na mabango, ni moja: kuivusha mvua ya Februari mpaka Oktoba.

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti huadhimishwa tarehe 1 Aprili. Desturi ya kutenga siku kwa ajili ya miti ilianza Nebraska, Marekani, 1872, katika nchi ya majani iliyokuwa na miti michache. Tangu hapo imezunguka dunia, na hakuna ubaya ndani yake. Lakini tarehe 1 Aprili huwafaa zaidi watu wa pwani na wa kaskazini, ambao masika yao ndiyo kwanza yameanza. Mche uliotiwa ardhini Mkiwa siku hiyo hupata mvua ya majuma matatu au manne, kisha huachiwa miezi saba ya jua na upepo kabla mizizi yake haijashuka dhiraa moja. Busara ni kila mkoa kufuata mvua zake, na kwa Mkiwa maana yake ni kupanda kuanzia Desemba mpaka katikati ya Januari, hata kama hakuna mgeni, wala ngoma, wala hotuba. Shule inayongoja sherehe ili ipande hupata sherehe na kukosa miti.

Hesabu ya maji yafaa ifanywe kabla ya kuchimba shimo hata moja, na mwalimu wa hesabu asiinyime klabu dakika kumi za kipindi chake. Ichukuliwe kwamba klabu imepanda miche 100, na kwamba kila mche hupewa lita 5 mara mbili kwa juma. Hizo ni lita 1,000 kwa juma, yaani ndoo 50 za lita 20. Kutoka mwanzo wa Mei mpaka mwisho wa Novemba ni majuma 30. Basi ndoo zitakuwa 1,500. Ndoo moja ikijaa ina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe, na jumla ya mzigo wote ni kilo 30,000. Nani atakayeubeba? Jibu linajulikana kwa kila mtu aliyekaa katika kijiji cha nchi kavu. Atakayeubeba, kwa sehemu kubwa, ni msichana wa darasa la tano au la sita, aliyeamka kabla ya mapambazuko akachota maji ya nyumbani, akaoga kidogo au asioge, kisha akashika njia ya shule na dumu la lita 5 mkononi kwa sababu imeagizwa kila mwanafunzi aje na maji. Mti unaomwagiliwa kwa dumu hilo umepandwa kwa jina la kuwahifadhia watoto dunia yao ya kesho. Ni vema kuuliza unamchukulia nini mtoto huyo leo: usingizi wake, saa yake ya kusoma, ama maji ambayo mdogo wake angenawia uso.

Kwa hiyo klabu yenye huruma ni klabu yenye miti michache. Miti 20 kwa kipimo kile kile yataka lita 200 kwa juma, na hayo yaweza kupatikana pasipo kumwadhibu mtu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la madarasa mawili lenye mita za mraba 120, kwa mvua ya milimita 600, hupokea lita 72,000 kwa mwaka, na hata robo yake ikimwagika hubaki 54,000. Shule nyingi huziacha lita hizo zote zichimbe makorongo chini ya kuta zake zenyewe, kisha mwezi wa Agosti huwatuma watoto kisimani. Tangi moja la lita 5,000, likiwa limejaa siku mvua inapokoma, laweza kuitunza miti 20 kwa majuma 25, yaani mpaka karibu na mwisho wa Oktoba. Ni kweli kwamba watoto watakunywa maji hayo, nao wana haki ya kwanza. Lakini maji ya kunawia mikono yaweza kukusanywa katika beseni na kupewa mti, na mti haujali kama yamekwisha kupita mikononi mwa mtu.

Zipo njia nyingine za kupunguza kiu, na baadhi yake ni za kale mno. Katika China, kitabu cha kilimo cha Fan Shengzhi, cha karne ya kwanza kabla ya Kristo, kinaeleza namna ya kufukia mtungi wa udongo mpaka shingoni, kuujaza maji na kuufunika; maji hupenya ukuta wa mtungi polepole na kuifikia mizizi, wala jua haliyapati. Mitungi na vyungu hufinyangwa katika mkoa wa Singida mpaka leo, na mtungi uliopata ufa mdogo mdomoni, ambao hakuna mama atakayeununua sokoni, bado wafaa kabisa kwa bustani. Matandazo ya majani makavu huongezwa juu, na majivu hunyunyizwa pembeni kwa ajili ya mchwa, ingawa mchwa wa nchi hiyo ni wadudu wenye subira na majivu hayana budi kurudiwa. Ukuta dhidi ya mbuzi ni minyaa. Kijiti chake kikichomekwa huota pasipo kumwagiliwa, mifugo haikili, nacho kwa Wamasai huitwa emanyara, jina ambalo ziwa na mkoa jirani zimelichukua. Hatari yake ni utomvu mweupe udhuruo macho, na mtoto hana budi kuonywa kabla hajapewa panga.

Ugumu ulio mkubwa kuliko maji ni kalenda. Mwaka wa shule Tanzania huanza Januari na kumalizika mwanzoni mwa Desemba. Mwaka wa miti ya Mkiwa huanza Agosti. Ili mche uwe na nguvu ya kupandwa Desemba yafaa mbegu zitiwe katika viriba mwezi wa Agosti au mwanzo wa Septemba, na katika majuma hayo hayo darasa la saba wanakabiliwa na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ambao hufanywa Septemba. Wakubwa ndio wenye mikono ya kazi, na hao ndio waondokao. Wanaopanda mbegu hawaoni mche; wanaopanda mche hawakuiona mbegu. Kisha mvua huanza, na shule hufungwa. Majuma yale ya Desemba, yaliyo bora kuliko yote kwa kupanda, huikuta shule imelala, na Januari watoto wanaporudi wanakuta magugu yamefika kiunoni na viriba vimepasuliwa na mizizi iliyotafuta ardhi kwa nguvu zake yenyewe. Likizo ya Juni nayo huja wakati mche wa mwaka wa kwanza unapoanza kuonja kiangazi.

Walimu wengi hulijua jambo hili, nao hulitatua kwa zamu za likizo: watoto wa kata hii juma la kwanza, wa kitongoji kile juma la pili. Zamu huandikwa vizuri kwa wino wa rangi mbili na kubandikwa mlangoni. Juma la kwanza huenda sawasawa. Juma la pili mtoto mmoja amepelekwa kwa bibi yake Sepuka, mwingine anachunga, wa tatu alifika akakuta chumba cha ndoo kimefungwa na mwenye ufunguo amesafiri. Huo ufunguo ungestahili insha yake peke yake. Miche mingi ya shule za Tanzania imekufa kwa sababu ya kufuli kuliko kwa sababu ya ukame, na mtu anayetaka kuisaidia klabu ya mazingira angefanya vema kuanza kwa kuuliza ufunguo hukaa kwa nani mwezi wa Juni. Jirani wa shule, mzee au mama mwenye nyumba karibu na uzio, akikubali kuushika na akaahidiwa fungu la mchicha, hufaa kuliko kamati ya watu kumi. Yeye haendi likizo.

Fungu hilo la mchicha linafungua swali ambalo bustani za shule zimekuwa zikilikwepa kwa miaka mia moja. Tume ya Phelps-Stokes ilipotembelea Afrika ya Mashariki 1924 ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na kilimo na maisha ya kijiji, na bustani ya shule ikawa sehemu ya ratiba. Wazazi wengi waliishuku, nao walikuwa na sababu: waliona mtoto wa mtawala akifundishwa vitabu na wa kwao akifundishwa jembe alilokwisha kulijua. Machi 1967 Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na shamba la shule likarudi kwa heshima mpya. Waraka ule ulitaka zaidi ya kazi ya mikono. Ulitaka wanafunzi washiriki katika kupanga kazi ya shamba na kuamua matumizi ya pato lake, ili waone kwa macho yao uhusiano wa jasho na manufaa. Shule nyingi zilishika nusu ya kwanza ya fundisho na kuiacha ya pili. Watoto walilima, mahindi yakavunwa, magunia yakaingia stoo, na habari zao hazikusikika tena. Neno EK, ambalo lilikuwa kifupi cha fikra kubwa, likawa katika vinywa vya wanafunzi wa miaka iliyofuata jina la kupelekwa shambani.

Klabu ya mazingira ni mrithi wa shamba lile, ijapokuwa imevaa nguo nyingine. Nguo hizo zina historia njema. Vilabu vya wanyamapori vya Kenya vilianza 1968, vya Malihai Tanzania 1980, na 1991 Jane Goodall, aliyefariki 2025, alianzisha Roots & Shoots jijini Dar es Salaam pamoja na wanafunzi 12 wa sekondari, mpango ambao umeenea katika nchi nyingi duniani. Vyote vilitegemea hiari ya kijana. Mtu alijiunga kwa kuwa alipenda. Hapo ndipo klabu inapotofautiana na shamba la EK, na hapo ndipo inapoharibiwa kwa urahisi, maana shule yenye walimu wachache na watoto wengi huvutwa kila siku kuigeuza hiari iwe amri, na amri iwe adhabu.

Adhabu hiyo ina sura inayojulikana kwa karibu kila mtu aliyesoma Tanzania. Mtoto amechelewa: amwagilie miti kumi. Mtoto amepiga kelele: alete samadi ndoo mbili. Kosa likiwa kubwa hupewa kisiki akichimbe, na huonekana juani akizunguka shina la mti uliokatwa zamani, jembe likiruka juu ya mizizi migumu, wenzake wakimchungulia dirishani. Fikra ya mwalimu haikuwa mbaya, kwani aliona afadhali kazi yenye faida kuliko fimbo. Lakini mtoto hujifunza kile anachotendewa. Aliyemwagilia mche kwa kuwa alichelewa hatamwagilia mche siku aliyowahi, na akikua atautazama mti wa mtu kama alivyoutazama ule wa shule. Historia ya hifadhi ya ardhi katika Tanganyika yatoa ushahidi wa jambo hili kwa watu wazima. Katika milima ya Uluguru serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko; kusudi lilikuwa kuuokoa udongo, nao udongo ulikuwa wa wakulima wenyewe, hata hivyo 1955 ghasia zilizuka, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Waluguru hawakuwa adui wa milima yao. Walichokataa ni kufanywa vibarua juu yake kwa amri.

Kisiki hicho cha adhabu kinastahili kutazamwa tena, kwa kuwa ndani yake mna mradi bora kuliko yote ambayo klabu ya Mkiwa ingeweza kuufanya. Mti wa porini uliokatwa kwa ajili ya mkaa au kwa kusafisha shamba, mara nyingi haufi. Mizizi yake hubaki chini, imeshuka kina ambacho mche wa kiriba hautakifikia kwa miaka mingi, na kila mvua hutoa machipukizi mengi mafupi ambayo mbuzi huyala na watu huyaita kichaka. Katika Niger, kuanzia 1983, Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa amechoka kupanda miche iliyokufa, aliona kwamba vichaka alivyovipita kila siku vilikuwa miti iliyokatwa. Akawaomba wakulima wachague machipukizi machache kwa kila kisiki, wayapogoe mengine, wayalinde yaliyobaki. Miaka ilivyopita njia hiyo ilienea kwa wakulima wenyewe juu ya hekta zipatazo milioni 5. Katika mkoa wa Dodoma, jirani wa Singida, shirika la LEAD Foundation la Mpwapwa pamoja na Justdiggit la Uholanzi vimeieneza tangu 2018 kwa jina ambalo hakuna mshairi angeliboresha: Kisiki Hai.

Uzuri wa njia hii kwa shule ni kwamba haidai ndoo hata moja. Watoto huenda na mwalimu katika kipande cha ardhi ambacho kijiji kimekubali kukitenga, hutafuta visiki, huchagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyoka, hupogoa mengine kwa kisu kikali, hufunga kitambaa chakavu ili mchungaji ajue kwamba mti huo una mwenyewe. Kazi hufanywa mara moja, na hurudiwa kidogo kila msimu. Mche hauhitaji zamu ya Juni. Tena humtaka mtoto ayajue majina: huu ni mgunga wa aina gani, huu ni mkwaju, huu nyanya yake huutumia kwa dawa na huu hauna kazi ila kuni. Mwalimu mlezi, ambaye aghalabu ametoka mkoa mwingine, hataweza kuwafundisha hayo, na hana budi kuwauliza wazee wa Kinyaturu na kuwasikiliza pamoja na watoto. Hakuna hasara katika hilo. Pengine ugumu wake pekee ni kwamba kisiki kilichochipuka hakipendezi katika picha, na mgeni aliyekuja kuona miche mia tano hatajua atie sahihi mahali gani.

Jambo la wazee lapasa kukaziwa, maana mradi wa bustani huletwa shuleni mara nyingi kana kwamba kijiji hakijui kulima. Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyekaa na Wanyaturu 1959 na 1960, alieleza katika kitabu chake cha 1970 jinsi ukulima wao ulivyotegemea samadi ya ng'ombe, na jinsi mwenye mifugo alivyokuwa kwa sababu hiyo mwenye shamba lenye rutuba. Watoto wa watu hao huandikiwa ubaoni maana ya mbolea ya asili. Wao wamezaliwa juu yake. Lingekuwa jambo la adabu zaidi kuanza kwa kuwataka waulize nyumbani: samadi ya zizi hukaa muda gani kabla haijatiwa shambani, nayo hutiwa lini, na kwa nini ile mbichi huunguza.

Vivyo hivyo kwa mboga. Bustani ya shule hupenda sukuma wiki, kabichi na nyanya, kwa kuwa ndizo zilizomo katika vijitabu vya wafadhili. Zote ni mboga zenye kiu kubwa. Singida na Dodoma zina mlenda, ambao huota kwa mvua pasipo kuombwa, huchumwa majani yake, huanikwa, husagwa, na hukaa ndani ya chungu mpaka mvua nyingine. Huo ndio mfereji wa kweli wa kuivusha Februari mpaka Oktoba. Klabu inayoanika mlenda na majani ya kunde mwezi wa Machi imehifadhi maji yaliyotumika kuyaotesha kwa namna ambayo hakuna tangi linaloweza kushindana nayo, na jiko la shule likipata kilo chache za unga wa majani hayo wakati wa kiangazi, uji na ugali wa watoto hupata cha kuongozana nao. Mchicha wenyewe usiachwe. Juma la tatu au la nne huwa tayari, na mtoto mdogo huhitaji kuona kitu kilicho tayari upesi. Matuta mawili nyuma ya jiko yanatosha.

Mboga hizo ziliwe na nani? Hapa klabu nyingi zimevunjika, wala hazikuvunjwa na jua. Mwalimu asiye na soko karibu hupitia bustanini jioni akachuma fungu moja, naye anaona haki yake, kwa maana ndiye aliyefundisha. Mwalimu wa pili hufanya hivyo hivyo. Watoto hawasemi neno, kwa kuwa mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii mwalimu neno kama hilo. Lakini juma linalofuata waliokuja kumwagilia ni wanne badala ya ishirini. Hakuna mkutano uliofanywa wala malalamiko yaliyoandikwa. Klabu imekwisha kufa, na mlezi wake atakuwa wa mwisho kupata habari. Dawa yake ni ndogo na inaudhi: mwalimu anunue. Fungu liwe na bei, bei iandikwe, na mwekahazina awe mtoto. Shilingi hizo hazitajenga darasa, ila zitanunua viriba na kufuli la pili lenye funguo mbili, na mtoto wa miaka kumi na miwili aliyemwandikia mwalimu mkuu stakabadhi ya mafungu mawili ya mchicha amejifunza fundisho la uraia ambalo halimo katika kitabu cha uraia.

Limebaki neno la mlezi mwenyewe. Klabu za Tanzania huzaliwa na mwalimu mmoja mwenye moyo, na huzikwa siku anapopata uhamisho. Mwalimu huyo hufunga mizigo, basi la Singida husimama njia panda, watoto humbebea sanduku, na katika sanduku hilo, pasipo yeye kukusudia, huondoka pia majina ya miti, siku za zamu, na sababu za vifo vyote vya mwaka uliopita. Anayemfuata huanza kwa kupanda miche mia tano.

Daftari laweza kuzuia jambo hilo, likiwa daftari la watoto na likikaa shuleni. Halina haja ya maneno mengi. Kila mti na kila kisiki kipewe namba, na kwa kila namba kuwe na mstari wa Oktoba wenye neno moja: hai, au mbuzi, au mchwa, au kiu, au likizo. Darasa la saba walijaze mara ya mwisho kabla hawajaingia katika mtihani wa Septemba, wakizunguka bustanini pamoja na wa darasa la sita, mkubwa akisoma namba na mdogo akiandika, kisha kalamu ibaki kwa mdogo, naye aurudie mzunguko huo Oktoba akiwa na mdogo wake wa darasa la tano. Baada ya miaka mitatu kurasa hizo zitaonyesha ni pembe gani ya uwanja inayoua miche, ni mti upi usiofaa kupandwa tena, na ni miaka mingapi imepita tangu neno likizo lilipoandikwa kwa mara ya mwisho. Na mwalimu mgeni akifika kutoka Lindi au Kigoma atalikuta juu ya meza, na kando yake ufunguo mmoja. Wa pili uko kwa mama wa jirani.